Aliyekuwa Akiniamsha Alfajiri

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.



Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Rwezamenyo, Kigali. Kwa wasiopajua, ni jirani na Nyamirambo na Biryogo, upande wa mji ambako Waislamu wamekaa tangu enzi za Wajerumani, na ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya mtaani muda mrefu kabla Rwanda haijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Kwetu misikiti iko karibu, lakini adhana huisikii kama unavyoisikia hapa Morogoro. Machi 2018 mamlaka za wilaya yetu ya Nyarugenge zilizuia vipaza sauti vya adhana kwa sababu ya kelele, na misikiti ikatii. Tangu hapo mtu huamka kwa simu yake, au kwa ndugu yake.

Mimi niliamka kwa ndugu yangu. Kabla sijaja chuoni, rafiki yangu wa nyumba ya tatu alikuwa akigonga dirisha langu mara mbili, anasubiri mpaka niitikie, kisha tunateremka pamoja msikitini. Mvua za Aprili hazikumzuia. Jina lake naliacha, kwa sababu nilikwisha mtaja vibaya mara moja na inatosha.

Siku ya tatu ya likizo niliona bango kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa mtaa. Bendi tatu chipukizi za muziki wa roki zingepiga Jumamosi usiku katika klabu moja ya mjini. Kwenye picha, wa pili kutoka kushoto, ameshika gitaa la umeme, ni yeye. Mmoja wetu akaandika "Inna lillahi". Mwingine akaweka vikaragosi vya kucheka. Mimi, mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, niliandika kwamba aliyekuwa akituamsha alfajiri sasa ndiyo kwanza atakuwa anakwenda kulala. Kisha nikalisambaza bango kwenye makundi mengine mawili. Watu walicheka sana, nami nikafurahi kwamba wamecheka.

Jioni akanipigia simu. "Shekhe, nimeona ulichoandika. Sina neno. Lakini njoo Jumamosi, ndugu yangu. Hakuna hata mmoja wa nyumbani atakayekuja."

Kuingia sikuweza. Mtume (s.a.w.) ametukataza kuketi mahali pombe inapopitishwa, na katika hilo sina mjadala. Lakini nilikwenda, nikasimama ng'ambo ya barabara. Baraza ya klabu ilikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia yote na kuona nusu.

Bendi ya kwanza ilihangaika na nyaya karibu nusu saa. Watu hawakuzidi sitini, na wengi walionekana ni jamaa za wapigaji wenyewe. Bendi ya rafiki yangu ilipanda mwisho, ikapiga nyimbo sita. Baadaye aliniambia kwamba kwa nyimbo hizo walifanya mazoezi miezi minane, kila Jumanne na Alhamisi, katika stoo ya kukodi, na malipo ya usiku ule hayakutosha hata kukodi gari la kubebea vyombo. Nilikumbuka darsa letu la kila wiki, ambalo mimi huja sijafungua hata ukurasa mmoja.

Tangu Septemba 2023 kumbi za starehe Rwanda zina saa maalumu ya kufunga, na usiku wa Jumamosi ni saa nane. Muziki ulipozimwa alitoka na gitaa mgongoni, akaniona, akasimama. Tukarudi Rwezamenyo kwa miguu.

Nilikuwa nimeandaa dalili zangu: aya ya sita ya Surat Luqman na tafsiri ya Ibn Mas'ud, na hadithi ya ala za muziki iliyomo katika Sahihi Bukhari. Sikuzitoa. Nilimuuliza tu ni lini aliacha kuja alfajiri.

Akasema alipoteza kazi, akafuga nywele, na asubuhi moja mtu mzima mmoja akamwambia mbele ya safu arudi nyumbani mpaka azikate. "Nikarudi. Nikakaa wiki, nikakaa mwezi. Nilikuwa nawagongea nyinyi wote madirisha. Langu hakuna aliyekuja kuligonga."

Ndugu zangu, nisieleweke vibaya. Wanazuoni wengi wa madhehebu manne wameharamisha ala za muziki. Ibn Hazm alikhitalifiana nao, na Imamu Ghazali katika Ihya alilichambua suala hili kwa upana. Mimi nashika kauli ya wengi. Pombe haina khitilafu, na kuacha swala ni jambo kubwa kuliko yote mawili. Lakini angalieni tulivyolipanga: sote tuliliona gitaa siku bango lilipotoka. Kwamba swala imemponyoka, mwaka mzima hakuna aliyeuliza.

Mnaijua hadithi ya kijana aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akaomba ruhusa ya kuzini, kama alivyoipokea Imamu Ahmad kutoka kwa Abu Umama. Waliokuwapo walimkemea. Mtume akamwita asogee, akamketisha, akamuuliza kama angeliridhia jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake. Kisha akaweka mkono juu yake na kumwombea dua. Haramu haikugeuka halali, na kijana hakufukuzwa. Sisi tuna kijana aliyeomba tu mtu wa nyumbani aje kumwona, tukamjibu kwa vikaragosi.

Na mimi nina deni langu. Surat Al-Hujurat inamfananisha msengenyaji na anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa itakuwaje kama lisemwalo ni kweli, alibainisha kwamba likiwa kweli ndiyo usengenyaji wenyewe, na likiwa si kweli ni uzushi. Niliyoandika yalikuwa kweli. Nilimwomba msamaha tukiwa njiani, kisha nikaandika katika makundi yote matatu kwamba nimekosa. Safari hii hakuna aliyecheka, wala aliyejibu.

Watu hubadilika kwa mwendo wao. Yusuf Islam, aliyejulikana duniani kama Cat Stevens, alisilimu mwaka 1977, akaacha muziki, na mwaka 1983 akafungua shule ya Kiislamu London. Mwaka 2006 alirudi na albamu, na Waislamu wanabishana juu yake mpaka leo. Ubishi wote huo haujamtoa katika safu ya swala. Rafiki yangu naye namtaka kwanza safuni, nikiwa karibu yake, ndipo tuzungumze juu ya gitaa.

Alfajiri ileile niligonga dirisha lake mara mbili. Aliitikia, hakutoka. Kesho yake vilevile. Siku ya tano alitoka, nywele zake zikiwa vilevile, na nikasimama naye bega kwa bega ili asisimame peke yake. Jumanne alikwenda mazoezini. Siku ya kurudi chuoni nilimwachia mdogo wangu kazi ya kugonga, na kila asubuhi hunitumia neno moja: "katoka" au "bado".

Ewe msomaji, katika bweni lako yupo aliyekuwa akija msikitini na sasa haji. Kabla hujaandika neno juu yake, nenda kagonge mlango wake leo, nawe uketi umsikilize.

Ewe Mola wetu, tusamehe sisi na ndugu zetu waliotutangulia katika imani, na waliochelewa njiani uwarudishe, wala usitufanye sisi kuwa sababu ya kuchelewa kwao. Amin.

Wabillahi tawfiq.