Deni la Macho

“Mgeni njoo, mwenyeji apone,” walinena wahenga. Methali hii hutajwa sana panapozungumzwa utalii, kana kwamba kuja kwa mgeni peke yake ni dawa. Lakini methali haikusema mwenyeji hupona vipi, wala haikusema ni mwenyeji yupi. Hapo ndipo lilipo suala la kiadili: je, msafiri aendaye kuona ana deni kwa yule aliyegharimia kile anachokiona?

Msafiri wa India hupita Mumbai na Delhi, akafika Agra, akasimama mbele ya Taj Mahal, kaburi ambalo Shah Jahan aliamuru lijengwe kwa ajili ya mkewe, Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631. Hustaajabu, na ana haki ya kustaajabu. Maelfu ya mafundi na vibarua waliosimamisha marumaru ile wamekwisha kuwa udongo, hapana anayedai. Hata hivyo, gharama haikukoma nao. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya India iliamuru viwanda vya eneo lile vilivyotumia makaa ya mawe vihamie kwenye gesi au viondoke, ili moshi usiliharibu jiwe jeupe. Iliamuru pia wafanyakazi wa viwanda vitakavyohama walipwe stahiki zao. Waama, ilikiri kwamba uzuri una mlipaji.

Msafiri huyo akifika Serengeti, aghalabu huja na macho yale yale ya Agra. Huuona uwanda kama jengo lililokwisha zamani. Kumbe hifadhi ilitangazwa mwaka 1951. Mwaka 1959 Wamasai wakahamishiwa Ngorongoro. Na katika miaka ya 1960 Lamai, kaskazini ya Mto Mara, ikaongezwa ndani ya mpaka. Utupu unaomvutia msafiri si kazi ya maumbile peke yake. Tena walipaji wake wangali hai. Katika vijiji vya wilaya za Serengeti na Tarime vinavyopakana na hifadhi, mkulima hukesha shambani akipiga madebe kuwafukuza tembo, na mfugaji ambaye ng’ombe wake wamevuka mpaka hukamatiwa mifugo. Kanuni za serikali zinatambua kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina hayo ni ya kweli kuliko yalivyokusudiwa: kufuta chozi si kulipa fidia.

Atasema mtu kwamba pasingekuwa na hifadhi nyumbu wangetoweka, na kwamba fedha za wageni huwafikia wenyeji. Ni kweli. Vijiji vitano vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona, kikiwamo Robanda, hugawana mapato ya utalii. Lakini hoja hii hailifuti deni; inaonyesha tu kwamba laweza kulipwa.

Wala msafiri hashitakiwi. Hakumhamisha mtu. Ila asiye na hatia aweza kuwa na deni, mithili ya mrithi wa nyumba iliyojengwa kwa mkopo. Linalompasa si kujinyima safari, bali kuuliza: fedha yake inaishia mkononi mwa nani, na usiku aliolala yeye hotelini, nani alikesha kando ya mahindi ili tembo wa asubuhi aonekane?