Kwani Inalipa?

Kuna swali ambalo hapa kwetu huulizwa kabla hata mtu hajamaliza kueleza anachofanya. Unamwambia mjomba kwamba unaandika, au unachora, au unafuga njiwa, na yeye anangoja tu upumue ndipo aulize: kwani inalipa? Si swali baya. Mara nyingi linatoka kwa mtu anayekupenda na anayejua bei ya unga. Lakini nimeulizwa mara nyingi mno, hadi nimeanza kulikagua lenyewe, kama mama wa sokoni anavyoishika noti ya elfu moja juu kwenye mwanga. Linataka kujua nini hasa? Na jibu likiwa "hapana", kinachofuata ni nini? Kwamba niache?

Nitalijibu kwa kitu kidogo sana, programu ya mwaka 1991 inayoitwa ZZT. Wengi wenu hamjaisikia, na hiyo ni sawa, maana hata jina lake halikuhangaika kutafuta macho ya watu. Mmarekani aliyeitengeneza, Tim Sweeney, aliipa jina hilo ili kwenye orodha za programu zilizopangwa kwa alfabeti iwe ya mwisho kabisa. Siku hizi mtu akifungua hata kinyozi anaweka A tatu mbele ya jina.

Sweeney alikuwa mwanafunzi wa uhandisi pale University of Maryland, na kampuni yake ilikuwa nyumba ya wazazi wake katika mji wa Potomac. Hakukusudia kutengeneza gemu. Alikuwa akiandika, kwa lugha ya Pascal, programu ya kuhariri maandishi. Akaanza kukichezea kile kialama kinachoonyesha unapoandika: vipi kama kingegonga herufi fulani na kuzuiwa, kikigonga nyingine kinaichukua? Kutoka hapo ikawa gemu, ila haikuacha kuwa maandishi. Hakuna picha ndani ya ZZT. Kila kitu ni herufi na alama zilizokuwemo tayari kwenye kompyuta za DOS. Wewe mchezaji ni kisura cheupe kinachotabasamu ndani ya kisanduku cha buluu. Simba ni herufi ya Kigiriki, omega, ya rangi nyekundu. Chui milia ni pai, ile ya kutafuta mzingo wa duara. Almasi ni ile ya karata. Mara ya kwanza unacheka. Baada ya nusu saa ukiona omega ikikujia mbio, moyo unadunda kweli.

Lakini gemu lenyewe halikuwa ndilo jambo. Jambo ni kwamba ukibonyeza E, kiwanda kinafunguka. Unapewa ubao mtupu wenye nafasi sitini kwenda upande na ishirini na tano kwenda chini, unachora kuta, unapanda msitu, unaweka simba. Kisha unaweka vitu vinavyosema, na kila kitu unakiandikia amri zake kwa lugha fupi kama ya telegramu. Ukiandika ":touch" na chini yake maneno yoyote, mchezaji akikigusa kitu hicho, maneno yanatokea. Hiyo tu. Mtoto wa miaka kumi anaielewa kwa dakika tano. Na watoto wa Marekani waliielewa kweli. Miaka yote ya tisini walikuwa wakitengeneza walimwengu wao na kubadilishana, maelfu ya walimwengu, na wengine wao wakiwa watu wazima hadi leo hawajaacha. Sweeney aliweka rangi chache kwenye kiwanda chake. Wao wakagundua kwamba programu inaweza kuonyesha nyingine nyingi, wakatengeneza zana ya kuzitoa. Alipoteza maandishi asilia ya programu. Mwaka 2020 mmoja wa wapenzi hao aliyajenga upya, kwa ruhusa ya Sweeney, akifuata mashine inavyofanya amri kwa amri, kisha akayaachia watu wote bure.

Kwa malipo gani? Hakuna.

Hapa ndipo wengi hukimbilia kuniokoa. Wanasema: lakini si Sweeney ndiye mwenye Epic Games? Si hao ndio wenye Fortnite? Unaona, ililipa! Na ni kweli, kampuni ya Fortnite ni ile ile iliyoanza kwa kuuza ZZT kwa posta, kijana akipokea maagizo nyumbani kwao. Wengine huongeza, wakinitazama kwa jicho la huruma, kwamba Sweeney naye aliondoka chuoni akiwa karibu kabisa kumaliza. Asanteni, lakini sihitaji hiyo dawa. Hadithi ya bilionea aliyeacha masomo ni lile swali la mjomba limevaa suti tu. Bado inasema kitu kina maana kwa sababu kililipa, ila malipo yalichelewa. Iwapo ni hivyo, basi wale maelfu ambao hawakuwa mabilionea, yule binti aliyetengeneza ulimwengu mmoja wa paka wanaoongea mwaka 1994 kisha akawa karani mahali, walipoteza wakati. Mimi sikubali. Ila lazima niseme kwa nini, na si rahisi, kwa sababu kuna pingamizi lenye uzito kuliko hilo la mjomba.

Pingamizi lenyewe ni hili. Kufanya kitu kwa ajili ya kukipenda tu ni anasa ya mwenye nacho. Wale watoto walikuwa na kompyuta nyumbani mwaka 1991. Walikuwa na chumba, mlango, na mtu mwingine akilipa stima. Aristotle aliandika kwamba tunafanya kazi ili tupate wasaa, na kwamba wasaa ndio maisha bora; alikuwa na watumwa. Kwa hiyo mtoto wa Makongeni, Thika, akiambiwa "fanya unachopenda", huenda anaambiwa tu aige maisha ambayo bili yake inalipwa na mtu mwingine. Na kwangu mimi huyo mtu mwingine alikuwepo, namjua, alikuwa akiuza nguo za mitumba siku sita kwa wiki.

Programu yenyewe niliikuta nikiwa kidato cha pili, kwenye saiba iliyokuwa na mashine moja kuukuu pembeni isiyo na intaneti. Kwa sababu haikuwa na intaneti, mwenye saiba aliikodisha shilingi kumi kwa saa. Kulikuwa na CD ya gemu mia kadhaa za zamani, na ZZT, kama mwenyewe alivyotaka, ilikuwa mwisho wa orodha. Tulikuwa vijana watatu. Tulitengeneza ubao, tukauweka kwenye flashi, mwenzako anaucheza Jumamosi, anakurudishia na wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa jumuiya yetu, watu watatu na flashi moja ya nne-gigi. Kuhusu wale wengine wa ng'ambo tulikuja kujua baadaye sana, na nakumbuka nilishangaa kwamba shida tulizodhani ni zetu, kama ile ya kwamba ulimwengu mzima unaweza kukumbuka mambo kumi tu kwa wakati mmoja, nao walikuwa wamezipigania hivyo hivyo na kuzizunguka kwa ujanja ule ule.

Shilingi kumi hizo zilikuwa za mamangu. Alizitoa za mkate wa saa nne. Kwa hiyo nikisema ZZT haikuwa na malipo, nasema uongo kidogo: ilikuwa na gharama, na si mimi niliyeilipa. Mtu akitaka kujenga hoja dhidi yangu, aanzie hapo.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka, na kilichonigeuza si kitabu chochote bali mama mwenyewe. Jioni, miguu ikiwa imevimba, alikuwa akifuma vitambaa vya makochi. Hakuwahi kuuza hata kimoja. Alikuwa akiwapa watu: wa chama, bibi harusi wa jirani, mwalimu wangu wa darasa la nne. Nyumba yetu yenyewe ilikuwa na kochi moja lililokuwa na vitambaa kama mtu aliyevaa sweta tatu. Na alikuwa mkali kuhusu kazi hiyo. Akikosea tundu moja anafumua hadi mwanzo. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama inalipa. Hata yeye, aliyekuwa akiniuliza mimi kila Jumamosi, hakujiuliza.

Kwa hiyo si kweli kwamba wasio nacho hawana nafasi ya visivyolipa. Mtaa wetu ulijaa visivyolipa: mipira ya nailoni, magari ya waya yenye usukani unaokata kona, kwaya inayofanya mazoezi usiku nne kwa wiki. Tofauti ni kwamba vingine tumevizoea hadi hatuvioni, na kipya kinachotumia stima tunakiita mchezo. Na neno hilo kwetu ni zito. "Acha mchezo" maana yake ni acha ujinga. Lakini hilo hilo ndilo tunalotumia kwa watu wazima wanaopanda jukwaani kuigiza mauti ya mfalme, na hapo hakuna anayecheka.

Basi mama na wale watoto wa Marekani wana nini kimoja? Si furaha tu. Anayefumua safu kumi kwa ajili ya tundu moja hana furaha wakati huo. Nadhani ni kwamba kitu kinatengenezwa kikimsubiri mtu fulani aje akiguse. Soko pia lina mtu anayesubiriwa, ila yeyote mwenye pesa anatosha. Kitambaa cha mwalimu kilikuwa cha mwalimu.

Sasa nieleze kitu kimoja cha ZZT ambacho sijawahi kukiona mahali pengine. Kuna amri inaitwa "zap". Kitu kikishasema maneno yake, unaweza kukiamuru kijifutie ule mstari wa kwanza wa ":touch". Mchezaji akikigusa tena, programu inatafuta ":touch" inayofuata chini yake, na kitu kinasema jambo jingine. Ndivyo kitu kinavyoweza kuonekana kana kwamba kinakukumbuka. Hakikumbuki. Kinapoteza, kila mara kinapoguswa, kipande kimoja cha kile kinachoweza kusema.

Rafiki yangu mmoja kati ya wale wawili alifiwa na kakake tukiwa kidato cha tatu. Ajali ya barabarani, ile ya kawaida, isiyofika hata kwenye habari. Likizo ya Agosti alituletea ulimwengu wake kwenye flashi. Ulikuwa mtaa wetu: duka, bomba la maji, ule mfereji, nyumba kwa nyumba, vyote kwa herufi. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kisura cha rangi ya manjano. Ukikigusa, maneno yanapita chini ya skrini: kinakuuliza umekula. Ukikigusa tena, kinakwambia usimwambie mama ameonekana hapo. Mara ya tatu kinasema jambo ambalo sitaliandika, kwa sababu lilikuwa lao wawili. Mara ya nne hakisemi kitu. Unakigusa, unakigusa, kimya.

Nilikuwa kijana wa kujua kila kitu, nikamwambia kuna amri nyingine ya kurudisha mistari iliyofutwa, inaitwa "restore", angeiweka mwisho ili kaka aanze upya. Akaniambia anaijua. Akachukua flashi yake.

Hebu mlete mjomba hapa aulize swali lake. Simaanishi limuaibishe, namaanisha kwamba limekosa pa kushika. Ni kama kumuuliza mtu aliyetoka matanga kama yalilipa. Na huyo kijana hakuwa na chumba chenye mlango wala kompyuta; alikuwa na shilingi kumi na saa moja, kisha nyingine kumi wiki ijayo. Nikihesabu, ulimwengu ule ulimgharimu kama shilingi mia moja na hamsini za watu waliokuwa na matumizi mengine. Siwezi kusema pesa hizo zilikuwa nyingi mno.

Hili halinifanyi niseme kila mtu aache kazi akafume. Nilitoka chuo mwaka wa pili kwa sababu karo yangu na ya dada yangu zilikuwa zinatoka mfuko mmoja, na yeye alikuwa anasoma uuguzi. Naandika maelezo ya bidhaa kwa makampuni, naandikia watu hotuba za harusi, vinalipa, navifanya vizuri. Kuna miezi visivyolipa vinakaa kando kabisa, na ni haki vikae. Anayekula jasho la mwingine ana deni, na deni halifutwi kwa kusema "lakini ni sanaa". Ninachokataa ni kwamba deni hilo lifanywe kipimo cha kila kitu, kiasi kwamba mtu akiwa maskini hana ruhusa ya kumtengenezea mwenzake kitu bila kueleza kitaleta nini mezani.

Mama sasa ananiuliza swali lile mara chache. Juzi aliniuliza tofauti: hizo unazoandika, nani anasoma? Nimelipenda zaidi hilo swali. Linanisumbua zaidi pia.

Rafiki yangu anaendesha bodaboda, ana watoto wawili. Hakuendelea na kompyuta. Mwaka jana nilimwambia nimebaki na nakala ya ulimwengu wake, na kwamba kuna watu wanaohifadhi kazi za namna hiyo zisipotee, iwapo angependa. Alifikiri kidogo, akasema hapana, hiyo haikuwa ya watu. Halafu, akiwa ameshawasha pikipiki, akauliza kama bado inafunguka. Nikamwambia inafunguka. Akauliza kama mtu akianza upya kabisa, tangu mwanzo wa faili, kaka bado anasema yale matatu.

Nikamwambia anasema.