Ukifika Dodoma, Usitafute Mbweni

Mjukuu wangu, nimesikia umepangiwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Hongera. Habari za ada na godoro utaambiwa na wazazi wako. Mimi nakuusia habari ya kanisa, maana nimeona vijana wa huku Mbweni, Boko na Bunju wakiondoka ni waimbaji hodari wa kwaya, wakarudi hata Sala ya Bwana wanababaisha. Hawakuasi. Jumapili ya kwanza hawakujua waende wapi, ya pili wakalala, ya tatu wakazoea.

Wewe umelelewa katika Uanglikana wa pwani, ule wa misheni ya UMCA: misa, ubani, kengele, na kasisi unamwita padre. Dodoma ilihubiriwa na misheni nyingine, CMS. Huko utakuta mahubiri marefu, watu wanasimama kutoa ushuhuda, na hakuna anayepiga ishara ya msalaba. Utadhani umekosea mlango. Hujakosea. Ni Kanisa Anglikana lile lile, jimbo moja tangu 1970, na askofu mkuu wake wa kwanza, John Sepeku, alikuwa askofu wa hapa hapa Dar es Salaam.

Wakubwa wamevutana tangu zamani. Baada ya mkutano wa Kikuyu, Kenya, wa 1913, Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwashtaki kwa uzushi maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda, kwa sababu ya ushirika uliofanyika pamoja na Wapresbiteri na Wamethodisti. Februari 2007 maaskofu wakuu wa Kianglikana wa dunia walikutana hoteli ya White Sands, ufukwe huu huu wetu. Jumapili wakavuka kwenda Unguja kusali kanisa la Mkunazini, na baadhi yao hawakupokea ushirika pamoja na mwenzao wa Marekani. Walikuwa na hoja zao, siwadharau. Lakini wewe si askofu, na kukosa ubani si hoja ya kubaki bwenini.

Tena kanisa lako lenyewe lilianzishwa na watu walio mbali na kwao. Kule Mbweni ya Unguja UMCA ilinunua shamba mwaka 1871, ikawaweka watumwa waliokombolewa, Wayao, Wamakua, Wanyasa, hakuna aliyejichagulia jirani. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka na kundi lao kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaona panafaa, wakakaa. Hawakungoja wafike kwao ndipo waanze kusali.

Basi Jumapili ya kwanza, wageni wakiambiwa wasimame, simama. Taja jina, taja mtaa unakotoka, na useme wazi kwamba upo kwa miaka mitatu. Mpita njia hakuna anayejisumbua kumzoea. Usikae benchi la mlangoni. Ibada ikiisha usikimbilie daladala: msalimie katibu, uliza mazoezi ya kwaya ni lini na vijana wa TAYO hukutana siku gani. Asubuhi ya Jumapili peke yake haitoshi. Utawajua watu siku ya Alhamisi kwenye msiba wa mtu usiyemfahamu, umebeba viti vya plastiki kutoka kanisani hadi kwa wafiwa, mpaka mama mmoja akuulize kama umekula. Huyo akikukaribisha kwake, nenda. Mlenda utauzoea.

Ibada ya kwenye simu, umejifunika shuka, hiyo ni ya mgonjwa.

Na siku Mungu akikuvusha mipaka, ukafika Juba au Chicago, kibao cha mlangoni kitasomeka Episcopal. Ni ukoo huo huo, pamoja na ugomvi wake. Ingia, usikilize kabla ya kuhukumu.

Barua ya utambulisho kaiombe kwa padre wiki hii, ipigwe muhuri wa mtaa na iandikwe tarehe ya kipaimara chako. Nakala moja niachie mimi, maana wewe kwa kupoteza karatasi nakujua.