Anayejua Sababu, Je, Anajua Kupika?

Katika Good Eats, kipindi cha mapishi cha televisheni ya Marekani, hamira iliigizwa na vikaragosi vya soksi vilivyopiga mbweu bila haya. Watazamaji walicheka, na kicheko hicho kikawaachia elimu: hamira ni kiumbe hai, hula sukari na kutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayoumua unga.

Aliyebuni kipindi hicho ni Alton Brown, mpiga picha na mwongozaji wa matangazo ya biashara aliyeacha kazi yake akasomee upishi Vermont. Food Network ilianza kukirusha mwaka 1999.

Lakini je, aliyeelimika hivyo amejifunza kupika?

Swali hili ni la kale. Aristotle, mwanzoni mwa Metafizikia, anasema mwenye uzoefu hujua kwamba jambo liko hivyo, ilhali mwenye ufundi hujua kwa nini, na kwa hiyo anaweza kufundisha. Hata hivyo, anakiri kwamba kazi inapoanza, mwenye uzoefu humshinda mwenye nadharia tupu. Mwaka 1949 Mwingereza Gilbert Ryle alisisitiza kuwa mpishi hodari hana haja ya kujisomea kanuni moyoni kabla ya kupika. Akili yake imo katika upishi wenyewe.

Basi sababu ina faida gani? Katika karne ya 19, mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig alieneza dhana kwamba moto mkali huziba nyama isipoteze maji yake. Wapishi wengi waliisadiki, ingawa nyama iliendelea kuchuruzika mbele ya macho yao. Mikono yao haikukosea, kwani moto ule huleta ladha. Maelezo ndiyo yaliyokosea. Ladha hutokana na mmenyuko ambao Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912, na ndio huohuo unaolipa rangi ganda la mkate na kahawa inayokaangwa. Anayeuelewa ana cha kuanzia hata mbele ya chakula asichowahi kukipika.

Tena, sababu iliyotamkwa wazi hupingika. Mwaka 2018 Brown alivirudia hadharani vipindi vyake vya zamani na kuvisahihisha. Mazoea yasiyo na maelezo hayana mlango huo.

Ila kioo cha televisheni hakitoi harufu, wala hakimwonyeshi mtu ulaini wa unga uliokandwa ukaiva. Kwa hiyo atakayetazama kipindi cha namna hii leo, akizime kikiisha, anawe mikono, akande unga wake leo hiihii.