Kunyamaza Nako ni Kusema

Ndugu msomaji, hebu tujiulize: mtu akikudhania tajiri, nawe ukanyamaza, umemdanganya? Vijana wengi hapa Kibeta, tuliomaliza kidato cha nne na mfukoni hamna kitu, tutajibu haraka: "Mimi sikusema chochote, kajidanganya mwenyewe!"

Swali hili limenikaa kichwani tangu nilipotazama City Lights, sinema ya Charlie Chaplin ya mwaka 1931. Sinema za maneno zilikwisha kuingia tangu 1927, lakini Chaplin aling'ang'ania ububu: muziki upo, mazungumzo hayasikiki. Humo, msichana kipofu anauza maua barabarani. Anasikia mlango wa gari ukifungwa, anadhani mteja wake ni tajiri mwenye gari. Kumbe ni kapuku, suruali inampwaya, viatu vimekwisha. Jamaa anatambua kwamba amedhaniwa sivyo. Ananyamaza.

Hapo ndipo tunapocheka. Lakini kicheko chetu kina lake jambo: sisi tunajua, binti hajui. Tumo ndani ya siri. Ndivyo ilivyo hata mitaani. Kijana anaazima viatu na saa, anakwenda kujinadi kwa binti wa watu, na majirani wanaomjua wanatabasamu tu.

Wapo watakaomtetea kapuku. Hakuchukua kitu kwa yule binti. Alifagia barabara, akapanda ulingoni akapigwa ngumi, na fedha za matibabu ya macho alizopewa na tajiri mlevi zikampeleka jela. Kweli, gharama aliibeba mwenyewe, wakati tapeli wa mapenzi humbebesha mwenzake. Tofauti hiyo ni kubwa, siipuuzi.

Hata hivyo, je, wema hufuta yote? La hasha! Siku ya kwanza kosa lilikuwa la masikio ya binti. Kuanzia siku ya pili likawa la jamaa. Alimpa macho, lakini akamnyima uchaguzi: kumpenda au kumkataa kapuku kama alivyo.

Mwishoni binti, sasa anaona, anaushika mkono wa kapuku na kumtambua. Atamkubali? Sinema inaishia hapo, haisemi. Kwangu mimi, Chaplin alitenda haki. Jibu halikuwa lake, wala letu sisi tuliokuwa tukicheka. Ni la binti, na hiyo ndiyo mara ya kwanza anaulizwa.