Usirithishe Uchungu



Mwezi Julai, baridi inapokolea katika bonde la Barossa, Australia Kusini, wakulima hushika mikasi na kupogoa mizabibu. Matawi ya mwaka uliopita hukatwa, machipukizi machache huachwa, kisha wanahamia mti unaofuata. Zabibu zitachumwa kuanzia Februari. Mwaka ujao kazi ni ile ile.

Ndivyo maisha yalivyo hata Bethany, kijiji cha bonde hilo kilichoanzishwa mwaka 1842 na Walutheri kutoka Silesia. Walikuwa wamekataa liturujia waliyolazimishwa na mfalme wa Prussia, wakavuka bahari wapate kuabudu kwa uhuru. Kijiji kikapewa jina la Bethania ya Martha, Mariamu na Lazaro.

Lakini mwaka 1846, sinodi iliyokutana papo hapo Bethany iliwagawa. Wachungaji August Kavel na Gotthard Fritzsche hawakuafikiana, hasa juu ya utawala wa Kristo wa miaka elfu. Kavel na wenzake wakatoka mkutanoni. Mateso hayakuwatenganisha, mabishano yakawatenganisha. Makanisa yaliyotokana na Walutheri hao yaliungana mwaka 1966, yaani miaka 120 baadaye.

Ni vizazi vingapi vilizaliwa ndani ya ugomvi ambao havikuuanzisha? Na wale walioomba umoja wakafa bila kuuona, je, waliomba bure? Naamini hapana. Umoja ule haukushuka siku moja. Uliandaliwa na watu waliokubali kupunguza chuki kidogo kidogo, kama mkulima na mzabibu wake, wakijua kwamba huenda wavunaji wakawa wengine.

Labda nawe unaye ndugu ambaye hamzungumzi naye. Kusamehe si kusema kwamba hukuumizwa, wala hakukulazimishi kurudisha urafiki kesho asubuhi. Anza na lililo mkononi mwako: mtaje katika sala. Ukisikia anaumwa, mtumie salamu. Watoto wako wakiuliza habari zake, wasisikie ubaya wake kinywani mwako. Akikataa kuitikia, wewe umeshakataa kuwarithisha wanao uchungu.

Jina la nani limekujia moyoni ulipokuwa ukisoma? Mwombee leo, na kesho tena. Bwana aliyetusamehe mengi akupe upendo usiochoka. Amina.