Kosa la Aliyesimama Pembeni

Mwezi Oktoba 2012, mahakama ya mjini Bristol, Uingereza, iliwahukumu watu 11 waliokuwa wafanyakazi wa hospitali moja iliyoitwa Winterbourne View. Sita walikwenda jela, na aliyepata kifungo kirefu kuliko wote alipewa miaka miwili. Watano waliobaki walipewa vifungo vilivyoahirishwa. Magazeti yalimng'ang'ania huyo kinara wa mateso, picha yake ikazagaa kila mahali. Mimi katika orodha ile huwa nasita kwenye watu wengine wawili. Walikuwa wauguzi waliosomea kazi na kusajiliwa. Hawakufungwa kwa kumpiga mtu wala kumburuza. Walikiri kosa la kuwatelekeza kwa makusudi wagonjwa waliokuwa chini ya dhamana yao. Kila mmoja alifungwa miezi sita.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu vijana wetu wengi wameingia kazi ya kutunza watu huko Uingereza, hasa baada ya Februari 2022, serikali ya kule ilipoanza kutoa viza kwa watunzaji kutoka nje. Mlango huo ulifungwa kwa waajiriwa wapya wa ng'ambo Julai 2025, lakini waliokwisha kuingia wako kazini. Wanawaogesha wazee, wanawalisha, wanawageuza kitandani usiku. Wapo wanaoiita kazi hiyo kubeba boksi tu kama kazi nyingine yoyote ya ughaibuni. Sikubaliani nao. Boksi ukilidondosha halitabaki na hofu yako mwaka mzima.

Winterbourne View ilikuwa Hambrook, nje kidogo ya Bristol, mali ya kampuni binafsi ya Castlebeck. Ilikuwa na vitanda 24 vya watu wenye ulemavu wa akili na usonji, wale ambao tabia zao zilionekana ngumu kwa familia na kwa vituo vya kawaida. Fedha za umma zilikuwa zikilipa kwa wastani pauni 3,500 kwa wiki kwa kila mgonjwa. Kwa hiyo hili si simulizi la umaskini, kwamba mtunzaji alikosa glovu au chakula hakikutosha. Fedha ilikuwapo. Kilichokosekana ni shughuli kwa wagonjwa, macho ya watu wa nje, na mtu wa ndani wa kusema basi. Siku zilikuwa ndefu na tupu. Zamu za saa 12 zilikuwa jambo la kawaida. Wageni, wazazi wakiwemo, hawakuwa huru kuingia wodini wala vyumbani mwa watoto wao.

Mwanzoni mwa 2011, mwandishi wa BBC aitwaye Joe Casey aliomba kazi pale kama mtunzaji wa kawaida, akaingia na kamera iliyofichwa, akakaa wiki tano. Aliyoyapiga picha yalionyeshwa katika kipindi cha Panorama tarehe 31 Mei 2011. Watazamaji waliona watu wazima wakilazwa sakafuni na kubanwa chini ya kiti huku mtunzaji amekikalia. Waliona makofi na nywele zikivutwa. Waliona msichana akimwagiwa maji baridi na nguo zake mwilini, kisha akipelekwa nje bustanini kwenye ubaridi. Na kila tendo lilikuwa na watazamaji wake mle mle ndani. Mmoja anapiga, wa pili anacheka, wa tatu anapita na trei ya dawa.

Huyo wa tatu ndiye ninayetaka tumwangalie.

Ni rahisi kudhani kwamba mambo haya yalifichika mpaka kamera ilipoingia. Hayakufichika. Profesa Margaret Flynn, aliyeongoza uchunguzi ambao ripoti yake ilitoka Agosti 2012, alikuta karatasi tele. Kwa mwaka 2010 peke yake, kumbukumbu za kampuni zenyewe zilionyesha wagonjwa kushikwa na kudhibitiwa kwa nguvu mara 379. Kati ya Januari 2008 na Mei 2011, halmashauri ilipokea arifa 40 kuhusu usalama wa wagonjwa wa jengo lile. Polisi walihusika na matukio 29. Wagonjwa walipelekwa idara ya dharura ya hospitali za umma zaidi ya mara 70. Kila ofisi ilikuwa na kipande chake, ikakifungia kwenye faili lake. Daktari wa dharura alishona jeraha moja. Askari aliandika tukio moja. Hakuna aliyeweka vipande mezani pamoja akauliza: nyumba ya watu 24, mbona inaumiza hivi?

Na wagonjwa wenyewe walisema. Binti mmoja aliwaambia wazazi wake kwamba anapigwa. Wazazi wakamjibu kuwa haiwezekani, watunzaji hawaruhusiwi kufanya hivyo. Walikuja kuona kwenye televisheni kuwa alikuwa anasema kweli. Siwalaumu sana. Mzazi aliyemkabidhi mwanawe kwa watu waliovaa vitambulisho atamwamini nani?

Hizo mara 379, kila moja iliandikwa na mtu. Ukifanya kazi hii utajua jinsi sentensi inavyoweza kusafisha kitendo. Mtu anaweza kuandika kuwa mkazi alikuwa mkorofi, akadhibitiwa kwa usalama wake, akatulia. Sentensi haina uongo unaoonekana, na imesahihishwa vizuri. Haisemi nani alianza. Haisemi alishikwa na watu wangapi, kwa dakika ngapi, wala kama ukorofi wenyewe ulikuwa ni kukataa kutoka kitandani saa moja asubuhi. Mwajiri anapokwambia uandike taarifa za siku kabla ya kutoka zamu, hakuombi urembo. Taarifa inataka saa, mahali, aliyekuwapo, kilichotendeka, na maneno ya mkazi kama alivyoyatamka. Chubuko likionekana wakati wa kuoga, lichorwe kwenye ramani ya mwili, yaani ule mchoro wa mtu kwenye fomu, mbele au nyuma, na ukubwa wake na rangi yake, siku hiyo hiyo, hata kama unaamini kabisa kwamba alijigonga mlangoni. Wiki ya tatu, mwenzako akikuta alama tano kwenye mkono ule ule, ndipo mlango unapoanza kuchunguzwa.

Yupo aliyesema. Terry Bryan alikuwa muuguzi mwandamizi pale. Oktoba 2010 alimwandikia meneja wake barua pepe akieleza wasiwasi wake juu ya namna wagonjwa walivyotendewa. Taarifa ikafika halmashauri, ikafika pia CQC, tume ya serikali inayokagua vituo vya afya na matunzo. Alipoona kimya, aliirudia tume. Hakuna aliyemfuata kwa uzito uliostahili, na baadaye tume iliomba radhi hadharani. Bryan ndipo akaenda BBC. Tangu barua yake hadi kipindi kile ni zaidi ya miezi saba, na muda wote huo wagonjwa walikuwa bado mle ndani.

Nimewasikia watu wakimtumia Bryan kama ushahidi kwamba kusema hakusaidii. Mimi nasoma kinyume. Barua yake yenye tarehe ndiyo iliyowanyima wakubwa nafasi ya kudai kuwa hawakujua. Wale wauguzi wawili waliofungwa walikuwa na kalamu ile ile na kompyuta ile ile.

Winterbourne View ilifungwa Juni 2011. Sheria nayo ikabadilika. Kabla ya hapo, kosa la kutesa au kutelekeza liliwahusu zaidi watu wasio na uwezo wa kujiamulia au wanaotibiwa akili. Tangu Aprili 2015, katika England na Wales, mtunzaji yeyote anayelipwa anayemtesa au kumtelekeza kwa makusudi mtu anayemtunza anaweza kufungwa hadi miaka mitano, hata kama mtu huyo ana akili timamu kabisa. Mwezi huo huo kukaanzishwa Cheti cha Matunzo kwa wanaoanza kazi, chenye viwango 15 wakati huo, kuanzia usiri wa mkazi na heshima yake hadi wajibu wa kutoa taarifa. Wengi hukisoma kwenye simu usiku mmoja, wakibofya majibu ili wapate zamu. Inasikitisha, maana mle ndani kuna mambo ambayo mtu huyahitaji saa tisa za usiku akiwa peke yake sakafu ya juu.

Na cheti peke yake hakikutosha. Mei 2019 Panorama ilirudi na kituo kingine, Whorlton Hall huko County Durham, wagonjwa wa aina ile ile, dhihaka zile zile. Ikabainika kuwa mkaguzi mmoja wa tume alikuwa ameandika ripoti ya mashaka mwaka 2015, na ripoti hiyo haikuchapishwa. Wafanyakazi wanne walipatikana na hatia mwaka 2023, wakapewa vifungo vilivyoahirishwa.

Sasa kwa mtu wetu jambo hili lina uzito mwingine, na tusilipitie juu juu. Mwingereza akigombana na meneja, kesho anatafuta kazi kituo cha pili. Aliyekwenda kwa viza ya udhamini, ruhusa yake ya kuishi imefungwa kwa mwajiri huyo huyo. Ajira ikikatika na mamlaka kuarifiwa, kwa kawaida hupewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka nchini. Nyumbani kuna deni la nauli, pengine na la dalali, na ada ya mdogo wake. Mameneja wabaya wanalijua hilo, na wengine hulitamka waziwazi. Kwa hiyo anapoona mwenzake wa zamu akimvuta bibi wa miaka 90 kwa mkono badala ya kutumia mkanda wa kumnyanyulia, anapiga hesabu nyingi kwa sekunde moja. Nami nikiwa hapa mezani nisijifanye kuwa hesabu hiyo ni nyepesi.

Lakini aipige yote. Sheria ya mwaka 1998 inayowalinda watoa taarifa kazini inamhusu mfanyakazi mwenye viza sawasawa na mwenyeji. Si lazima aanze na meneja, hasa pale meneja ndiye tatizo. Zipo timu za halmashauri za kuwalinda watu wazima walio hatarini, ipo CQC, wapo polisi kama hatari ni ya saa ile ile. Kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, nacho kinaweza kusimama naye. Upande wa pili wa hesabu umeandikwa katika hukumu ya Bristol: aliyesimama pembeni naye anaweza kufikishwa mahakamani, na mtu mwenye rekodi ya kosa hilo hatapata mdhamini mwingine kwa siku 60 wala 600.

Ninapoagana na kijana anayekwenda kuanza kazi hii humwambia mambo ya vitendo tu. Siku ya kwanza, kabla hata hujajua mahali pa kutundika koti, uliza sera ya kutoa taarifa iko wapi, uisome yote. Soma mpango wa matunzo wa kila mkazi uliyepangiwa kabla hujamgusa, ujue nani humeza kwa shida na nani huogopa maji. Usitie sahihi kwenye chati ya dawa ambayo hukuitoa kwa mkono wako, hata rafiki akikubembeleza. Wakati wa kukabidhiana zamu taja lililoharibika mbele ya wenzako wote, usilinong'one koridoni. Na uandike kwenye simu yako nambari ya ile timu ya halmashauri ya eneo lako. Mtu akikuuliza unaitakia nini, mjibu kwamba unajifunza kazi.